Mnunuzi akiwa mmoja bei anapanga yeye

Mama yangu anauza dagaa pale mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, na kila nikitaka kuielewa siasa ya nchi hii naanza kuwaza gunia la dagaa. Anachukua dagaa mbichi Igombe alfajiri mitumbwi ikirudi, anaanika, wakikauka anajaza kwenye magunia anapeleka mwaloni, na pale anakutana na wanunuzi wa jumla, wengine wanatoka Congo, wengine Rwanda na Burundi, wengine ni wa hapa hapa wanapeleka Dar. Siku malori yakiwepo matatu manne utaona mnunuzi anavyomuongelesha, mama shikamoo, mama njoo kivulini tuongee, anaingiza mkono kwenye gunia anachota dagaa ananusa anasema hawa wazuri, na bei inapanda yenyewe bila mama kupandisha sauti. Siku mnunuzi akiwa mmoja, mtu yule yule, haamki hata kwenye kiti. Analigusa gunia na ncha ya kiatu, anasema hawa wana mchanga, anataja bei yake anarudi kwenye simu. Mama anajua hawana mchanga, walikoanikwa ni kwenye kichanja na mimi mwenyewe ndo nilikuwa nawageuza. Lakini atafanyaje, jioni inaingia, mawingu yametanda upande wa ziwani, kuwarudisha nyumbani ni nauli tena na mvua ikiwapata ndo basi. Anauza.

Mwanzoni mwa 2025 mji wa Goma kule Congo ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 wateja wake wawili wa kule waliacha kupiga simu kabisa, kwaio siku za mnunuzi mmoja zikawa nyingi, na mi nilikuwa namsindikiza wikiendi naona kila kitu. Mtu ni yule yule na dagaa ni wale wale, kilichopungua ni wa kushindana naye tu. Na ndo pale nikaanza kuona kwamba kura thamani yake ni hiyo. Kura inamfanya mtu ainuke kwenye kiti. Kama anajua hata asipoinuka mzigo atauchukua, hawezi kuinuka, na hata awe mtu mzuri kiasi gani kuna siku atachoka kuinuka.

Nimezaliwa mwezi wa pili 2008. Tarehe 29 Oktoba 2025 watu wanapiga kura mi nilikuwa na miaka 17, nasubiri pepa za kidato cha nne, nimekosa kura kwa miezi isiyofika minne. Watu wazima wengi nikiwaambia hivyo wananipa pole, wanadhani kilichoniuma ni umri. Sina ugomvi na umri, katiba ibara ya 5 inasema 18 na ni sawa. Kilichoniuma ni kwamba hata ningekuwa nayo hiyo kura sijui ningeifanyia nini. Chadema, chama kikuu cha upinzani, hawakuwepo kwenye karatasi, walienguliwa mwezi wa nne baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi wakidai sheria zibadilishwe kwanza, na mwezi huo huo mwenyekiti wao Tundu Lissu akakamatwa akafunguliwa kesi ya uhaini. Alafu Luhaga Mpina, mgombea urais wa ACT-Wazalendo, naye jina likaondolewa. Majina ya vyama vingine yalikuwepo, ila mtaani kwetu sikusikia mtu hata mmoja akibishana kuhusu nani atashinda urais, na hapo ndo ujue.

Huyo Mpina nataka nikae naye kidogo kwa sababu anahusu huku ziwani. Ni mtu wa kanda hii, alikuwa mbunge wa Kisesa akiwa bado CCM, na kati ya 2017 na 2020 alikuwa waziri wa mifugo na uvuvi, kipindi kile cha Operesheni Sangara cha kukamata na kuchoma nyavu haramu. Ukitaja jina lake kwenye mialo utasikia majibu ya aina mbili, kuna wanaosema aliokoa ziwa, sangara wadogo walikuwa wanamalizwa, na kuna waliopoteza mtaji wote siku moja na hadi leo hawajasimama. Jirani yetu mmoja aliniambia hivi, mimi nilikuwa nasubiri tu aje kuomba kura huku, nilikuwa na maneno yangu ya kumwambia. Hakuja kuomba, kwa sababu hakuruhusiwa kuomba. Watu wakisikia mgombea kaenguliwa wanawaza wafuasi wake ndo wameonewa, ila mi naona hata anayemchukia kanyang'anywa kitu, kanyang'anywa nafasi ya kumkataa mwenyewe kwa mkono wake. Yule mzee alikuwa na hapana yake kaitunza miaka saba na haikupata pa kwenda.

Chukua matokeo ya urais kama Tume ya Uchaguzi ilivyoyatangaza uyaweke mezani. 2015 mshindi alipata asilimia 58 na kitu, wa pili karibu 40. 2020 mshindi akapata 84. 2025 akapata 97.66. Ningekuwa namwonesha mama bei ya dagaa inavyotembea hivyo angeniuliza swali moja tu, malori mengine yameenda wapi. Hawezi kuamini kwamba miaka kumi imetosha wauzaji wote kumpenda mnunuzi mmoja. Na uchaguzi wa serikali za mitaa, Novemba 2024, ni hivyo hivyo, chama kimoja kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa na vijiji, na huo kwangu ndo mkubwa kuliko wa rais kwa sababu mwenyekiti wa mtaa ndo mtu ambaye mama anaweza kumfuata kwa mguu.

2015 naikumbuka kidogo, nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka magari yenye spika kubwa yanapita barabara ya Makongoro na sisi watoto tunakimbia nyuma, nakumbuka mama alikuwa na khanga ya kijani na baba alikuwa anaonesha ile ishara ya kuzungusha mikono ya mabadiliko, na chakula kilikuwa kinaliwa kwa kelele kila usiku. Baba alikuwa wa Lowassa wa upinzani, mama wa Magufuli wa CCM, mmoja anasema huyu kahama chama juzi tu hafai, mwingine anasema hao wengine wamekaa miaka mingi wametufanyia nini. Mi nilikuwa naogopa nikidhani wanagombana kweli. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba zile kelele zilikuwa ni heshima, yani watu wawili kwenye nyumba ya vyumba viwili pale Mabatini walikuwa wanaamini wanachosema kina uzito. 2025 nyumbani kwetu hakukuwa na mabishano. Baba alisema nendeni mkapige ili msije mkaonekana hamjaenda, basi, habari ikaisha, akaomba chumvi.

Na kuna 2010, hiyo sikuiona ila nimesimuliwa mpaka nimeikariri. Mwaka ule jimbo la Nyamagana lilikuwa chini ya Lawrence Masha, waziri wa mambo ya ndani, mtu mkubwa kabisa, akashindwa na Ezekia Wenje wa Chadema ambaye wengi hawakuwa wanamjua. Ilemela nayo ikaenda upinzani. Baba anasema watu walikesha nje wanasubiri matokeo yatangazwe, wamekaa juu ya mawe kama unavyojua Mwanza mawe yalivyo kila mahali, na yalipotangazwa watu wasiojuana wakakumbatiana. Sisemi hao waliochaguliwa walikuwa malaika, 2015 jimbo lilirudi CCM na ndo kazi ya kura hiyo, unampa mtu miaka mitano ukiona haifai unachukua. Ninachosema ni kwamba baada ya pale kila aliyekuja kuomba Nyamagana alijua inawezekana kukosa. Ukijua unaweza kukosa unasalimia watu vizuri.

Sasa hapa kuna hoja ambayo lazima niijibu maana nakutana nayo kila siku, hata mwalimu wangu wa uraia aliwahi kuniambia, kwamba mbona maendeleo yanakuja bila hizo kelele. Na ni kweli yanakuja. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, na mtu ambaye hajawahi kukaa foleni ya kivuko pale na mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Bugando hawezi kujua lile daraja ni nini. Shangazi yangu yuko Sengerema, siku ya kwanza kupita alilia ndani ya basi. Reli ya kisasa ya kutoka Isaka inajengwa, meli kubwa ya kubeba abiria 1,200 tumeiona ikishushwa majini 2023. Sitaki kuwa mtu wa kudharau vitu hivyo, watu wamefanya kazi pale na jasho limetoka.

Lakini angalia ni vitu vya aina gani vinakuja. Vinakuja vile vilivyoamuliwa juu. Ambavyo haviji ni vile ambavyo huku chini tungeviomba kama kuna mtu angelazimika kuuliza. Mama na wenzake kilio chao cha miaka yote ni kimoja, sehemu ya kukaushia dagaa wakati wa mvua, hata bati tu na vichanja vya kutosha, mzigo usiwe unaoza kila masika. Hilo haliwezi kuwa jambo la rais na wala halihitaji kuwa la rais, linataka diwani mmoja anayeogopa kwamba asipolifanya kuna mwingine atasimama aseme mi nitalifanya. Kwenye mwaka wa mnunuzi mmoja utapewa alichopanga kukupa, kizuri au kibaya, ila ulichoomba hutapewa kwa sababu hakuna aliyekuwa analazimika kukusikiliza. Mi huo ndo uchambuzi wangu na nimeuzungusha sana kichwani sijaona pa kuuvunja.

Tarehe 29 yenyewe nilikuwa ndani nasoma. Net ilikata mchana, tukadhani ni bando limeisha, tukaazimana simu, kumbe ni nchi nzima, na ikakaa hivyo siku kama tano. Sauti za nje tulizisikia. Sitaandika nisichokiona kwa macho, ila Mwanza ilikuwa mojawapo ya miji iliyokuwa na maandamano na hilo linajulikana, na watu walikufa katika nchi hii siku zile, rais mwenyewe alipolihutubia bunge tarehe 14 Novemba alitoa pole kwa familia na akatangaza tume ya uchunguzi, ikawekwa chini ya jaji mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Net iliporudi watu wengi tulipokea ujumbe wa polisi kwenye simu wa kutuonya tusisambaze picha. Nilikuwa na pepa wiki mbili mbele. Nakumbuka nafungua daftari la uraia, mada ya demokrasia, sifa za uchaguzi huru na wa haki, namba moja hadi nane, na mkono ukawa mzito kabisa.

Mamia ya vijana walishtakiwa kwa uhaini baada ya pale, na kwenye hotuba ile ile rais akataka wale walioonekana kufuata mkumbo wasamehewe. Nashukuru kwa wote waliorudi kwa mama zao, kweli kabisa nashukuru. Ila hilo neno mkumbo limekaa kooni mwangu. Mkumbo ni maji yanayokubeba na hujui yanakupeleka wapi. Kuna waliochoma vituo vya mafuta na mali za watu katika miji kadhaa na hilo siwezi kulitetea, kituo cha mafuta kikiungua anayekosa mafuta ni kaka yangu wa bodaboda, kakaa siku nne bila hata safari moja. Lakini kijana wa miaka 19 anayesema kura yangu haina kazi hajabebwa na maji, huyo kafanya hesabu. Inawezekana kaifanya kwa hasira, inawezekana jibu lake si sahihi, ila kafikiri. Ukimwambia umefuata mkumbo unamsamehe ila unamwambia pia kwamba hakuwa na akili, na mtu aliyeambiwa hana akili hawezi kukaa meza moja na wewe.

Nimemtaja kaka. Ana digrii ya ualimu, kamaliza 2022, sa hivi anaendesha bodaboda kijiwe cha Igoma. Pikipiki ni ya mkataba, kila siku elfu kumi ya tajiri iwe mvua iwe jua, inayobaki ndo yake. Mwanzoni mwa 2025 alienda kwenye usaili wa walimu, ule ambao waombaji walizidi 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000, alivaa shati langu la shule jeupe kwa sababu lake lilikuwa limepauka mgongoni kwa jua la bodaboda. Hakupata. Kipindi cha kampeni yeye na wenzake waliitwa kusindikiza msafara, wakapewa mafuta na kofia, wakazunguka mji mzima na honi, na ile kofia ipo hadi leo, anaivaa chini ya helmeti. Sio kwamba anakipenda chama, inazuia jasho. Nilimuuliza bro siku ile waliwaambia nini kuhusu ajira, akasema hatukuongea na mtu, tulikuwa tunatangulia mbele.

Hicho ndo kinanitisha kuhusu miaka yangu mitano inayokuja. Uchaguzi umepita nina 17, ujao nitakuwa na 22, yani kila kitu cha maisha yangu kinaamuliwa hapo katikati, kwanza kidato cha tano, ada hakuna tangu 2022 nashukuru, alafu kidato cha sita, alafu bodi ya mikopo kama nitapata na kwa asilimia ngapi sijui, alafu chuo. Na baada ya chuo kuna kijiwe cha Igoma na kaka yangu atakuwa bado yuko pale. Zamani mtu wa Mwanza asiyesoma alikuwa na ziwa. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu cha sangara, alikuwa anakata minofu usiku kucha kwenye ubaridi anatoka asubuhi vidole vimekufa ganzi, ila tulikuwa tunakula, na mapanki, yani mifupa na vichwa vilivyobaki, watu walinunua nao wakala. Samaki walipopungua wakapunguzwa watu, naye akawemo. Kwaio mwenye elimu yuko kwenye pikipiki na asiye na elimu hana ziwa, na mi nakaa hapa naambiwa nichague masomo, nichague CBG (kemia, baiolojia, jiografia) au EGM (uchumi, jiografia, hesabu), nachagua kwa kuangalia nini hasa.

Baada ya yote yale serikali imeunda wizara ya maendeleo ya vijana chini ya ofisi ya rais, na halmashauri zina ile mikopo ya asilimia 10 ambayo vijana wana fungu la asilimia 4. Nitakuwa wa kwanza kusema vizuri hivi vikifanya kazi. Mwezi uliopita nilienda kwenye mkutano wa mtaa wetu, mara ya kwanza maishani, nikakaa nyuma kwenye jiwe, tulikuwa vijana watatu na wazee wengi. Niliponyoosha mkono nikauliza fungu la vijana la mwaka huu kwa kata yetu ni shilingi ngapi na vikundi vilivyopata ni vipi na vinabandikwa wapi, mwenyekiti aliniangalia kwa upole tu, si mtu mbaya, akasema swali zuri sana kijana, tutalichukua. Mzee mmoja pembeni akaninong'oneza, we mtoto wa nani. Nimeenda tena wiki iliyofuata ofisini kwake kufuatilia, nikaambiwa hilo liko kwa mtendaji wa kata, mtendaji akasema liko maendeleo ya jamii, na maendeleo ya jamii dada aliyepo alikuwa likizo. Nitarudi.

Kwenye kurudi rudi huko nikafanya hesabu nyingine. Uchaguzi wa mitaa ujao ukifanyika 2029 nitakuwa nimetimiza 21, umri wa kugombea uenyekiti wa mtaa. Nimeliwaza hilo usiku mzima, kwa dhati kabisa, nikaandika nyuma ya daftari mambo matatu ambayo ningefanya na la kwanza ni mabati na vichanja vya mama na wenzake. Alafu nikasoma masharti. Lazima udhaminiwe na chama. Bila chama huwezi, kuanzia mtaa hadi ikulu. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania hiyo miaka na miaka, mahakama ya Afrika pale Arusha 2013 ikasema Tanzania inavunja haki za watu kwa kukataza mgombea binafsi, na mi wakati huo nina miaka mitano nachezea mchanga Igombe, leo nina 18 na sharti liko pale pale. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Warioba, ile iliyokusanya maoni ya wananchi, ilikuwa imeliweka jambo hilo, ikaishia ilikoishia, kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haijapigwa hadi leo.

Jana jioni tukiwa tunakusanya dagaa kabla ya mvua nikamwambia mama kuhusu 2029. Hakucheka. Alikuwa ameshika ncha mbili za turubai mimi nimeshika mbili, upepo unavuta, akaniambia mwanangu unaweza, una maneno na watu wanakupenda, ila niambie utaingia kwa lori la nani. Nikamwambia bado sijajua mama. Akasema haya vuta upande wako huo, wataloana.